Tairi la gari la michezo likipata pancha: kuziba au kununua jipya?

Ndugu uliyeuliza kama uzibe tairi la nyuma lililotobolewa na msumari au ununue jipya, ikiwa msumari huo umeingia katikati ya sehemu inayokanyaga barabara, na tundu lake halizidi milimita 6, tairi hilo linaweza kuzibwa, mradi fundi alitoe kwenye ringi, alikague kwa ndani, kisha alizibe kwa kizibo na kiraka kwa pamoja. Utambi unaochomekwa kutoka nje ni wa kukufikisha gereji tu. Tundu likiwa ubavuni au ukingoni, tafadhali usikubali lizibwe, kwa sababu sehemu hiyo hujikunja kila gurudumu linapozunguka. Kwa gari la kasi jambo hili ni zito zaidi, kwani baadhi ya watengenezaji hawakitambui tena kiwango cha kasi (yaani kasi ya juu ambayo tairi limeundwa kuihimili) cha tairi lililozibwa.

Ukinunua jipya, lifanane na la zamani kwa ukubwa, aina na kiwango cha kasi, na kama mwenzake wa upande wa pili limelika sana, badilisha yote mawili ya ekseli hiyo. Ikiwa uliliendesha gari tairi likiwa halina upepo, hata kwa umbali mfupi, nyuzi za ndani huenda zimeharibika bila kuonekana kwa nje, ndiyo maana fundi alikague kwa ndani kabla ya kuliziba.