Intaneti ipo, lakini njoo na flashi

Mwalimu mgeni akiripoti shuleni kwetu, haichukui siku mbili anauliza kama intaneti ipo. Ipo. Ipo kwenye ofisi ya mhasibu, alfajiri, kabla mji haujaamka. Kwa hiyo huwa namuuliza na mimi: flashi unayo?

Nafundisha fizikia na nimekabidhiwa maktaba juu yake. Mwaka wangu wa kwanza niliingia Kidato cha Pili na projekta ya kuazima na bando la kubana, nikitaka kuonyesha sakiti papo hapo kutoka mtandaoni. Kile kiduara kikazunguka, kikazunguka. Wanafunzi wakakikodolea macho dakika kumi nzima, na kipindi chenyewe dakika 40. Tangu siku ile siingii darasani na kitu ambacho sijakifungua nyumbani huku data nimezima.

Kama unafundisha sayansi, anza na PhET, tovuti ya majaribio ya kuigiza kwenye kompyuta ya Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, Marekani. Majaribio yake mapya unayapakua moja moja, kila moja ni faili linalofunguka kwenye kivinjari bila mtandao, na baadhi yapo kwa Kiswahili. Mimi naipenda ile ya sakiti. Ukivuta waya kutoka ncha moja ya betri hadi ya pili bila kuweka balbu, betri inalipuka moto palepale kwenye skrini. Nilikuwa nimechora shoti ubaoni miaka miwili, hakuna aliyewahi kunyoosha mkono. Siku betri ilipowaka, darasa zima lilitaka kujua imekuwaje, na msichana mmoja akaomba niiunguze tena ili ahesabu mkondo. Ikifika hapo, acha andalio la somo lisubiri.

Ila ujiandae. Skrini inaonyesha elektroni zikitoka upande hasi, wakati kitabu kinachora mshale kutoka chanya. Wa dawati la nyuma ataliona hilo kabla yako. Kuna mahali pa kubonyeza ili mkondo uonekane kama wa kitabuni; waonyeshe vyote viwili. Na maneno ya Kiingereza yaandike pembeni ya ubao, maana mtihani wa taifa wa fizikia hautawauliza kwa Kiswahili.

Sasa jambo lililonitia hasara. Nilikuta kijitabu kizuri cha afya, cha bure, nikatumia likizo nzima kukitafsiri. Nimemaliza, ndipo naangalia ukurasa wa mwisho: leseni ya Creative Commons, yaani zile ruhusa za kutumia kazi ya mtu zinazoandikwa kwa herufi fupi, na hii ilikuwa na herufi ND. Maana yake unaruhusiwa kukigawa kilivyo, lakini ukikibadilisha, na kutafsiri ni kubadilisha, huruhusiwi kuisambaza kazi yako. Daftari langu bado liko kabatini. Bure na huria si kitu kimoja. Kwenye leseni hizo, herufi BY inataka umtaje mwenye kazi. NC inakukataza kufanyia biashara. SA inataka toleo lako nalo litoke kwa leseni ileile. Kama hakuna leseni yoyote iliyoandikwa, usijipe ruhusa mwenyewe. Soma herufi hizo kabla ya kushika kalamu.

Shule ya msingi jirani ilipotuomba vitabu vya hadithi, sikurudia kosa. African Storybook, tovuti ya hadithi za watoto, ina hadithi za Kiswahili zenye leseni inayokuruhusu kuchapa na hata kubadilisha. Tulidurufu, tukazibana kwa stepla, majina ya waandishi na wachoraji yakabaki kwenye jalada. Watoto wamezichakaza, na mimi sina ugomvi na kitabu kilichochakaa kwa kusomwa.

Maktabani tuna kompyuta chache za zamani, na wanafunzi hawaruhusiwi simu. Kompyuta moja tuliiwekea Kolibri, programu ya masomo inayofanya kazi bila mtandao, nyingine zinaichungulia kupitia ruta ndogo isiyo na intaneti kabisa. Programu ya Kiwix nayo inakupa Wikipedia ya kusoma bila mtandao. Ila usiwe na tamaa: Wikipedia nzima ya Kiingereza pamoja na picha hupita GB 90. Chukua kifurushi kisicho na picha, au cha mada moja, na umwombe mtu aliye mjini akupakulie usiku.

Masomo mengine siyasemei, walimu wake wapo.

La mwisho ni flashi zenyewe. Flashi inayozunguka kwenye steshenari hurudi na virusi, mafaili yote yamegeuka njia za mkato. Mimi naweka mbili: moja ya kuazimisha, imeandikwa kwa maka na ina daftari lake la kusaini, nyingine imefungiwa kwenye droo, na funguo ninao mimi. Hata mkuu wa shule akitaka, anapewa ile ya daftari.