Bendi kongwe ikifungulia ziara Arusha: kwa vijana mnaoanza kazi ya mitambo

Mdogo wangu unayeanza kazi ya mitambo, siku utakapopigiwa simu kwamba bendi kongwe ya dansi kutoka Dar inafungulia ziara yake hapa Arusha na wewe ndiye utakayekaa kwenye mikisa, ile meza ya kuchanganyia sauti, jua kwanza kwamba bendi ile ilishajipanga yenyewe kabla hujazaliwa. Msondo Ngoma walianza mwaka 1964 wakiitwa NUTA Jazz. Sikinde, yaani DDC Mlimani Park, walianza 1978. Wanamuziki waliokaa pamoja muda mrefu namna hiyo, au waliorithi nafasi za waliokaa pamoja, wanajua nani anyamaze mwenzake anapozungumza na gitaa lake. Kazi yako ni kuufikisha mpangilio huo kwa mtu aliyekaa meza ya mwisho ukiwa mzima. Vijana wengi ninaowaona wanaharibu hapo, na mitambo wanaijua vizuri tu. Bendi ndiyo hawaijui.

Chukua magitaa. Kwenye dansi kuna solo, kuna second solo, kuna rithim, halafu besi. Kijana aliyezoea kupiga nyimbo kwa kompyuta husikia solo inapaa, anadhani ndiyo yenyewe, anaipandisha. Lakini utamu wa solo unatokana na yale magitaa mawili yanayojibizana chini yake. Ukiipandisha peke yake, mengine yanazama, na mpiga solo mwenyewe ataanza kupunguza sauti kwenye amplifaya yake kwa kuwa anasikia amewaacha wenzake. Wewe unapandisha tena, naye anapunguza tena, mnafukuzana hivyo hadi saa nane usiku bila kuambiana neno.

Kwa hiyo wakati wa kupima sauti, zima kabisa spika kubwa za ukumbi. Waombe wapige wimbo mmoja mzima kwa amplifaya zao za jukwaani tu, wewe ukiwa umesimama katikati ya ukumbi, mikono mfukoni. Hapo utasikia nani anabeba wimbo na nani anapita kati. Ukirudi kwenye mikisa, anza kwa kuingiza sauti za waimbaji, kisha tarumbeta na saksafoni, na magitaa yaje mwisho kadiri ukumbi unavyohitaji. Ukumbi ukiwa mdogo, pengine besi hutaigusa kabisa.

Kingine kinachosahaulika ni masikio ya watu waliolipa kiingilio. Wengi wao nyimbo zile walizijulia Redio Tanzania Dar es Salaam, ambako kwa miaka mingi bendi zilirekodi kwa kupiga wote kwa pamoja studioni, maiki chache, bila kurundika vyombo kimoja kimoja baadaye. Ndiyo sauti waliyonayo kichwani: mwimbaji yuko mbele na kila neno linasikika, magitaa ni masafi, dramu iko nyuma. Ukiwaletea besi inayotikisa vioo vya baa, utakuwa umewapigia wimbo mwingine. Mtu amefunga duka lake Kaloleni mapema aje asikie mashairi anayoyajua tangu ujana wake. Maneno yasiposikika, umemdhulumu.

Kwenye waimbaji kaa makini zaidi. Wazee wa dansi huimba wawili au watatu kwenye kiitikio, na wanajua wenyewe kusogea na kurudi nyuma ya maiki. Akitaka kupaza, anarudi hatua moja. Akitaka kunong'ona, anausogeza mdomo. Hiyo ni mikisa ya kwanza, na ni bora kuliko yako. Ukiweka kompresa, mashine inayosawazisha sauti kubwa na ndogo, ikabana sana, unamnyang'anya kazi hiyo: anaporudi nyuma, mashine inamvuta mbele, na kelele zote za jukwaa zinakuja naye. Bana kidogo tu, ya kuzuia ajali.

Wapo pia wanaopenda kufunika kichwa cha maiki kwa kiganja. Maiki ya kawaida ya mwimbaji imetengenezwa ikatae sauti inayotoka nyuma yake, na ndiyo maana monita, yaani spika anayojisikilizia mwenyewe, tunaiweka pale mbele ya miguu yake, ikimtazama. Kiganja kikiziba wavu, maiki inaanza kusikia kila upande na mluzi unaanza. Usimkemee mzee wa watu kwenye spika mbele ya umati. Punguza monita yake kidogo, kisha mapumziko mfuate, mpe shikamoo, umweleze kwa adabu. Atakuelewa. Na ukimwendea kwa adabu leo, mkikutana tena atakuja mwenyewe kukuuliza unataka ashike wapi.

Usiku wa kwanza wa ziara una mambo yake. Orodha ya nyimbo bado inabadilikabadilika, kijana mpya anaimba sehemu ya marehemu fulani kwa mara ya kwanza mbele ya watu, na kuna wimbo ambao wazee wenyewe bado wanabishana uanzie wapi. Wakubwa wa rock nao wanaujua ugumu huo. Septemba 1981, kabla ya kuanza ziara yao kubwa ya Marekani, Rolling Stones walipiga kwanza kwenye klabu ndogo ya watu mia chache huko Worcester, Massachusetts. Bendi zetu mara nyingi hazina nafasi hiyo. Usiku wa kufungua ndio huohuo wa kujipima. Kwa hiyo mtafute kiongozi wa bendi mchana, kaa naye na karatasi. Muulize nani anaongoza kila wimbo, tarumbeta zinaingilia wapi, na chemko linaanza wapi.

Hilo la chemko liandike kwa kalamu nyekundu. Nusu ya kwanza ya wimbo ni hadithi, mwimbaji anatawala. Chemko likiingia, tumba na ala za kupuliza zinachukua uwanja, watu wanainuka, na hapo ndipo wanapopanda jukwaani kutuza. Watakuja na noti mikononi, kina mama wamevaa viatu virefu, na mmoja atataka kuibandika noti kwenye paji la uso la mwimbaji. Ukiwa umeacha waya umening'inia kati ya monita mbili, mtu ataanguka na monita itakwenda naye. Waache njia ya wazi upande mmoja wa jukwaa, waya zote zipite nyuma, na zile zisizo na budi kuvuka uzigandishe sakafuni kwa tepu pana. Wafanyakazi wenzako wasiwazuie watu kutuza. Ni sehemu ya onyesho, na kwa baadhi ya wanamuziki ndiyo nauli ya nyumbani.

Muulize pia kiongozi kama nyimbo zimeshushwa. Koo la mzee wa miaka 70 halifiki pale lilipofika akiwa na miaka 30, hivyo wimbo wa zamani siku hizi unaweza kupigwa toni nzima chini. Hakuna aibu yoyote, na usitoe maoni. Lakini kwako ina maana: sauti iliyoshuka inajazana eneo moja na magitaa, karibu na hezi (mitetemo kwa sekunde) 200 hadi 300, na maneno yanakuwa mazito. Punguza kidogo hapo kwenye maiki ya mwimbaji, usiguse magitaa.

Sasa baridi. Wageni kutoka Pwani huidharau, na wenyeji tumeizoea hadi hatuifikirii. Mwezi wa Julai unaweza kupima sauti saa tisa alasiri kukiwa na nyuzi joto 23, na saa sita usiku uwanja huohuo una nyuzi joto 13. Waya za gitaa ni chuma. Zikipoa zinajikaza na sauti inapanda. Tarumbeta na saksafoni zinakwenda kinyume, kwa sababu hewa iliyomo ndani ikipoa, sauti inashuka. Tarumbeta lililopoa kwa nyuzi joto 10 likiwa kwenye stendi linashuka karibu theluthi moja ya nusu toni. Jumlisha hayo mawili, upate bendi ambayo jioni ilikuwa sawasawa na usiku imeachana, na hakuna kitufe kwenye mikisa kitakachowapatanisha. Toa magitaa kwenye makasha mapema, yakae jukwaani nusu saa yazoee hewa, ndipo yapigwe tyuni. Wapuliza ala watafutie kona isiyo na upepo, wapulize taratibu dakika chache kabla ya kupanda. Ikiwa kuna hotuba ya mfadhili inayorefuka, mnong'oneze kiongozi kwamba tyuni iangaliwe tena.

Umeme sitaurefusha, ila usichomeke kitu kabla ya kupima kwa mita yako mwenyewe, hata kama fundi wa ukumbi anaapa. Kati ya fezi (waya wenye moto) na nyutro (waya wa kurudishia umeme) utafute volti 230. Kati ya fezi na fezi ni 400. Nyutro ikilegea kwenye mfumo wa fezi tatu, kifaa cha 230 kinaweza kupokea karibu na hizo 400, na amplifaya za wazee wale huwezi kuzilipa. Taa ziwe kwenye fezi yao, mitambo ya sauti kwenye nyingine. Kama mnatumia jenereta, kumbukeni Arusha iko takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na injini ya dizeli isiyo na tabo (kifaa cha kuisukumia hewa) inapoteza zaidi ya sehemu moja ya kumi ya nguvu yake kwenye hewa hii nyepesi. Jenereta lililotosha kwa shida Dar, huku litazimika katikati ya chemko.

Na masikio yako, mdogo wangu. Wataalamu wa afya kazini wanakadiria kwamba desibeli 85 unaweza kukaa nazo saa 8, lakini kila zikiongezeka 3 muda unakatika nusu, na zikifika 100 una dakika 15 tu. Baadhi ya wazee watakuomba uwaongezee trebo, ile sauti nyembamba ya juu, kwenye monita kila baada ya wimbo, kwa sababu ile iliyopo hawaisikii tena. Wamelipa gharama hiyo kwa miaka ya kusimama mbele ya matoazi na tarumbeta. Nunua vizibo vya masikio kwa hela yako ya kwanza ya kazi, vya wanamuziki kama unavipata, uvivae hasa wakati wa kupanga jukwaa na dramu inapopimwa.

Onyesho likiisha usikimbilie kukunja waya. Piga picha ya mikisa ilivyo, chukua ile karatasi ya mchana uandike kilichobadilika: wimbo gani ulirukwa, nani alihama maiki, chemko la wimbo gani lilirefushwa. Kesho bendi inashuka Moshi, kilomita 80 hivi, na huko fundi mwingine anawasubiri. Mtumie vyote kabla hujalala. Mweleze pia kwamba Moshi iko zaidi ya mita 400 chini yetu na usiku wake una joto zaidi, kwa hiyo tyuni ya Arusha asiiamini. Akipima sauti aanzie mwanzo, na awaombe wazee wapige kwanza bila spika kubwa.