Mwili unawaka, jasho halitoki

SWALI: Nina ugonjwa wa Sjögren, mwaka wa nne sasa. Macho na mdomo kukauka nimeshazoea. Siku hizi nikitembea juani robo saa tu, uso unawaka na moyo unaenda mbio, lakini kwapani na mgongoni ni pakavu kabisa. Jasho linanitoka kwenye paji la uso peke yake. Nakunywa maji mengi na parasetamoli, sipati nafuu. Ni homa gani hii?

JIBU: Pole sana. Hii si homa. Kwenye homa, ubongo wenyewe ndio unaopandisha joto, na parasetamoli hulishusha. Joto lako limekosa pa kutokea. Kwenye Sjögren, kinga ya mwili hushambulia tezi za mate na machozi, na yaweza pia kushambulia tezi za jasho, au neva nyembamba zinazoziamrisha. Hilo jasho la paji la uso limwambie daktari: huenda ni sehemu iliyobaki nzima, inayojaribu kufanya kazi ya mwili mzima.

Endelea kunywa maji, ila kinachopoza ni maji yanayokauka juu ya ngozi. Lita moja ya jasho ikikauka yote huondoka na kilokalori 580 hivi za joto. Basi jipatie jasho la kuazima: jipulizie maji shingoni, mikononi, kifuani na mgongoni, ukae penye feni, na ujiloweshe tena kabla hujakauka. Fulana ya pamba iliyoloweshwa inafaa vilevile. Feni bila maji, hewa ikizidi nyuzi 35, inakupulizia joto tu. Hewa ikiwa na unyevunyevu mwingi maji hayakauki upesi. Hapo oga maji baridi.

Mpelekee daktari dawa zako zote. Oksibutinini ya kibofu, amitriptilini ya sonona au maumivu ya neva, na topiramati ya kifafa au kipandauso huweza kupunguza jasho, lakini usiache yoyote kwa uamuzi wako. Uliza kipimo cha jasho: ngozi hupakwa aidini na unga wa wanga, kisha unakaa kwenye chumba chenye joto. Penye jasho hugeuka rangi nyeusi ya samawati. Pasipo na jasho hapabadiliki. Usichelewe, kwani baadhi ya wagonjwa hurudishiwa jasho na dawa za kutuliza kinga, na tezi iliyokwisha kunyauka ni vigumu kuifufua.

Watu wa nyumbani nao wajue hili: ukianza kuongea ovyo au kuyumba, wakuvue nguo, wakumwagie maji baridi mfululizo huku wakikupepea, na waite msaada wa dharura. Wasingoje gari ndipo waanze kukupoza, wala wasikunyweshe kitu ikiwa hujitambui.