Punje Ileile: Ushauri kwa Anayechunguza Upya Madini Adimu ya Platinamu

Kila ninapoulizwa namna ya kuchunguza upya madini adimu ya platinamu, jibu langu la kwanza ni kwamba kemia na muundo wa fuwele vipimwe kwenye punje ileile, hata kama punje hiyo ni nyembamba kuliko unywele. Kuing'oa punje kutoka kwenye sampuli iliyokwisha kung'arishwa ni kazi inayochosha macho na vidole, ndiyo maana wengi hupima kemia kwenye punje moja na muundo kwenye punje ya jirani. Mimi siyaamini matokeo ya namna hiyo.

Sababu inaonekana katika historia ya kuperaiti, madini ya platinamu ya Bushveld, Afrika Kusini. Yalipoelezwa mwaka 1928, madini hayo yalidhaniwa kuwa na arseniki pamoja na salfa. Mwaka 1932, Bannister na Hey wa Uingereza waliyapima makinikia ya platinamu ya Transvaal, jimbo la zamani la Afrika Kusini, kwa eksirei, wakaonyesha kuwa kuperaiti ni salfidi ya platinamu, yaani platinamu na salfa tu, PtS. Katika kazi hiyohiyo walitambua bragaiti, salfidi yenye platinamu, paladiamu na nikeli, iliyopewa jina la akina Bragg, baba na mwana walioanzisha upimaji wa fuwele kwa eksirei, na ambayo huhesabiwa kuwa madini ya kwanza kugunduliwa kwa eksirei. Makinikia kama hayo huwa pia na sperilaiti, madini ya platinamu na arseniki, PtAs2. Ukizisaga punje zake pamoja na za salfidi, maabara itakupa wastani wa vitu viwili na wewe utauandikia fomula moja.

Siku hizi tunapima kemia ya punje mojamoja kwa mwale wa elektroni, ambao huifanya kila elementi itoe eksirei zake yenyewe, lakini mitego haijaisha. PtS safi ina platinamu takriban asilimia 85.9 ya uzito na salfa asilimia 14.1, na jumla ikikaribia 100 watu hupumua. Jumla nzuri haithibitishi kitu. Mstari mmoja wa eksirei za rodiamu, metali ya jamii ya platinamu, uitwao L-beta, huangukia karibu kabisa juu ya mstari wa L-alfa wa paladiamu, kwa hiyo madini yenye rodiamu yanaweza kuonekana kuwa na paladiamu ambayo haimo. Kabla sijaanza, huiweka rodiamu tupu chini ya mwale na kuangalia mashine inaripoti paladiamu kiasi gani. Kiasi hicho ndicho msingi wa marekebisho yote yanayofuata.

Kwenye muundo wa fuwele, ugumu ni wa aina nyingine. Eksirei husoma idadi ya elektroni tu, wala haijui jina la elementi. Platinamu ina elektroni 78, paladiamu 46, nikeli 28. Nafasi katika fuwele ya bragaiti ikionyesha elektroni 46, inaweza kuwa imejaa paladiamu, au ikawa na mchanganyiko wa platinamu asilimia 36 na nikeli asilimia 64, na programu ya kompyuta itakubali lolote utakaloiambia. Hapo ndipo kemia ya punje ileile inapoamua, pamoja na urefu wa vifungo kati ya metali na salfa. Kumbuka pia kwamba platinamu hufyonza eksirei kwa nguvu. Ufyonzaji huo usiporekebishwa kwa kuzingatia umbo halisi la punje, vilele vya uongo hujitokeza kando ya atomi za platinamu kwenye ramani ya elektroni, na nafasi za salfa, yenye elektroni 16 tu, huyumba.

Ukiona fomula ya zamani haisimami, usikimbilie kuchapisha. Omba kwanza kipande cha sampuli ya kwanza, ile iliyotumiwa kuyaeleza madini hayo na kuhifadhiwa makumbusho, maana sampuli yenye jina lilelile kutoka mgodi mwingine inaweza kuwa kitu tofauti kabisa. Kubadili fasili ya madini, au kuyafuta kwenye orodha, huhitaji kura ya tume ya majina ya Jumuiya ya Kimataifa ya Mineralojia, na wapiga kura watataka kujua ni punje ipi iliyopimwa. Piga picha yake kabla ya kuing'oa, na ikirudi kutoka kwenye eksirei irudishe makumbusho ikiwa na namba yake.