Bondia Aliyeng'atwa Ulingoni

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Kijiweni kwetu tumebishana. Mwenzetu anasema Mike Tyson hakuwa wa kwanza kung'ata, eti kuna bondia aling'atwa kwenye Olimpiki ya Paris na majaji bado wakamnyima ushindi. Ni kweli? Na kama alikuwa mkali hivyo, mbona hatumsikii kwenye orodha ya mabingwa wa dunia?
– Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba. Mwenzenu yuko sahihi. Huyo ni Harry Mallin, polisi wa London, mzaliwa wa 1892. Alifika Paris mwaka 1924 akiwa bingwa mtetezi wa uzito wa kati, maana dhahabu ya Antwerp 1920 ilikuwa yake. Robo fainali akapangiwa Mfaransa Roger Brousse, mbele ya mashabiki wa nyumbani. Raundi tatu zikaisha, Mallin kifuani ana alama za meno. Akajaribu kumwonesha mwamuzi, hakusikilizwa. Majaji wakampa Brousse ushindi, wawili kwa mmoja.

Aliyewasilisha malalamiko ni kiongozi kutoka Sweden, Oscar Söderlund. Kifua kikakaguliwa, Brousse akaondolewa mashindanoni. Wasimamizi walidai hakukusudia, kwamba ni mazoea yake kufunga taya kila anaporusha ngumi. Hapo siafiki hata kidogo. Muajentina aliyecheza naye kabla alishalalamikia meno hayohayo. Meno hayampati mtu kifuani kwa bahati mbaya, tena wapinzani wawili mfululizo!

Mashabiki walikuja juu, lakini Mallin hakuyumba. Fainali alikutana na Mwingereza mwenzake, John Elliott, akamshinda kwa pointi. Kabla yake hakuna bondia aliyewahi kutetea dhahabu ya Olimpiki akafanikiwa.

Humsikii kwenye mikanda ya dunia kwa sababu hakuingia ngumi za kulipwa. Alibaki polisi na bondia wa ridhaa, akatwaa ubingwa wa ridhaa wa Uingereza mara tano mfululizo, 1919 hadi 1923, na akastaafu bila kupoteza pambano katika mapambano zaidi ya 300. Vijana wangu wa mazoezini huwa nawaambia wazi: kwangu huyu ni mkubwa kuliko wengi wenye mikanda.

Wala hakuutupa mchezo. Mwaka 1936 alikwenda Berlin akiwa meneja wa timu ya ngumi ya Uingereza, na Helsinki 1952 akapewa tena kazi hiyohiyo.