Kwangueni Ukingoni: Kwenu Mnaoanza Kazi Zizini

Wiki hii nimewaona wawili wenu wakikwangua katikati ya kidonda kikavu cha kondoo, kisha wakaniletea jibu kwamba hakuna utitiri, yaani vile vidudu vidogo mno vinavyoleta upele wa kondoo. Nitalisema tena, ingawa najua si mara ya mwisho.

1. Kwangueni ukingoni, penye majimaji ya manjano. Katikati utitiri umeshahama, mnakwangua mahame.

Mahame hayo niliyakwangua mimi mwenyewe mwaka wangu wa kwanza kazini, katika kundi la kondoo wa sufu aina ya Corriedale kule Nyandarua. Hadubini haikuonyesha kitu, nami kwa kiburi cha cheti kipya nikatangaza kuwa ni kuvu, nikaagiza kondoo wapakwe iodini, wala sikuwatenga. Wiki 4 baadaye, mama mwenye kundi alinipokea bila chai. Kondoo walikuwa wamejisugua kwenye nguzo za zizi hadi zikang'aa, sufu ilining'inia kwenye seng'enge, na wawili walikuwa wamebaki mifupa. Hakunigombeza. Alimkuna kondoo mmoja mgongoni kwa kucha, naye akaanza kutafunatafuna midomo kama aliyelambishwa asali. Kisha mama akanyofoa kishungi cha sufu, akakitandaza juani juu ya leso yake nyeusi. Chembe nyeupe zikaanza kutembea.

"Daktari," akauliza, "kuvu yako ina miguu?"

Sikuwa daktari, nilikuwa afisa mifugo tu, na siku hiyo heshima ile iliniuma kuliko tusi.

2. Sindano ya ivamektini, dawa ya kuua utitiri, kwa upele huu hurudiwa baada ya siku 7, tena kwa kundi zima, si kwa wanaojikuna pekee.

3. Magaga yanayogandisha sufu baada ya mvua nyingi husababishwa na bakteria, kwa hiyo ivamektini haiyagusi. Choa ndicho kuvu halisi, nacho huambukiza watu: vaeni glavu.

4. Joshoni, kwenye dimbwi la dawa ya kuogeshea, kondoo akae sekunde 60 na kichwa kizamishwe mara 2. Kundi lile nililiogesha kwa dawa niliyoinunua kwa mshahara wangu, huku mama amesimama kando na saa ya mkononi, akihesabu kwa sauti. Kondoo dume wa kwanza aliponiponyoka na kutoka sekunde ya 40, aliniamuru nimrudishe, na hesabu akaianza upya kutoka moja.