Tangi limejaa, taa ya mafuta bado inawaka

Kwa karibu miezi miwili taa ya mafuta ya gari langu haikuzimika. Nilijaza tangi mpaka pampu ya kituoni ikakata yenyewe, taa ikabaki palepale, ya njano, imetulia. Mwanzoni nilishtuka kila nikiiona. Baada ya wiki mbili macho yakaizoea, na hapo ndipo ilipokuwa hatari: siku mafuta yalipokwisha kweli, hapakuwa na kitu cha kunionya. Gari lilikohoa mara mbili kwenye mlima, likazima, na nyuma yangu kulikuwa na lori.

Ninaandika haya ili mwenye shida hii asianze kwa kununua vitu. Mimi niliambiwa nibadilishe dashibodi nzima, na dashibodi haikuwa na kosa lolote.

Anza kwa kutazama mshale wa geji, si taa peke yake. Jaza mafuta uone mshale unafanya nini. Ukipanda vizuri huku taa ikiendelea kuwaka, huenda tatizo liko upande wa taa yenyewe. Baadhi ya magari, hasa ya zamani, yana kidude cha pekee ndani ya tangi kwa ajili ya taa tu: kikiwa kimezama hupoozwa na mafuta, mafuta yakishuka chini yake kinapata joto na taa inawaka. Mshale ukigoma chini au ukirukaruka, shuku boya (kitu kinachoelea juu ya mafuta ndani ya tangi), sensa yake inayosoma boya liko juu au chini, nyaya, au ethi, yaani waya unaorudisha umeme kwenye bodi ya gari. Magari mengi ya siku hizi hayana kidude cha pili. Sensa moja ya boya ndiyo inayoendesha mshale na taa, kwa hiyo ikikosea, vyote viwili vinakudanganya pamoja. Langu lilikuwa hivyo. Tangi limejaa, mshale umelala chini kabisa.

Katika magari mengi madogo ukiinua kiti cha nyuma utakuta kifuniko, na chini yake soketi ya nyaya zinazoingia kwenye tangi. Kama gari lako halina kifuniko hicho na tangi lazima lishushwe, mpe fundi, usijaribu na jeki peke yako.

Nilichomoa soketi, nikaona pini moja ina kutu ya kijani. Wengi shida yao huishia hapa, au kwenye boliti ya ethi iliyolegea, na dawa yake ni brashi ndogo na dakika kumi. Nikasafisha, nikarudisha. Taa ikabaki.

Nikachukua multimita, kipimo cha umeme, nikapima ukinzani (jinsi umeme unavyozuiwa kupita) kwenye pini za sensa. Viwango vya kila gari ni tofauti, vitafute kwenye kitabu cha matengenezo cha gari lako. Mimi nilitaka kujua jambo moja tu: namba itabadilika nikiongeza mafuta? Lita 20 ziliingia, namba haikusogea. Huenda mkono wa boya haupandi, au sensa imekufa.

Kufungua tangi si mchezo. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hutambaa chini na kukaa ndani ya gari. Fanyia kazi nje, milango yote wazi, waya hasi wa betri umetolewa, sigara na moto mbali, na tangi lisiwe limejaa. Mimi nilisubiri mpaka likabaki na robo. Pete inayokaza sensa niligonga kwa kipande cha mbao, kwa sababu chuma kwa chuma hutoa cheche.

Boya lilitoka likining'inia, zito mkononi. Nikalitikisa karibu na sikio, nikasikia petroli ikicheza ndani. Pembeni, pale linaposhikwa na waya, palikuwa na ufa mwembamba kama unywele. Boya lilikuwa limezama, likikaa chini ya tangi na kuiambia dashibodi kwamba hakuna kitu.

Kabla ya kuagiza boya jipya, nilisogeza mkono wa sensa taratibu kwa kidole huku nikitazama multimita. Namba zilipanda bila kuruka, kwa hiyo sensa ilikuwa nzima. Kama zingeruka au kupotea mahali fulani, ningebadilisha sensa yote. Usizibe ufa kwa gundi, gundi nyingi hazistahimili petroli. Na usirudishe oringi ya zamani, ile pete ya mpira inayozuia kuvuja, weka mpya, kisha unuse vizuri kabla hujarudisha kiti.

Wakati unasubiri kifaa, rudisha kihesabu cha safari kwenye sifuri kila ukijaza, na ujaze mapema. Pampu iliyo ndani ya tangi hupoozwa na mafuta yaleyale, kuiendesha karibu na ukavu kila siku ni kuiua.

Wiki tatu baada ya kufunga boya jipya, taa ikawaka tena. Niliingia kituo cha kwanza nilichokiona. Tangi langu ni la lita 50, ziliingia 43.